Mume wangu amegundua maisha ni mafupi, na mimi ndiye ninayeanua nguo

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, maana ndicho chumba pekee chenye komeo katika nyumba yetu. Usicheke. Au cheka tu, pengine nami nitapata pa kuanzia.

Mume wangu ana miaka 54. Mwaka jana alipata mshtuko wa moyo akiwa kazini. Alilazwa, akawekewa kile kibomba kidogo cha kupanua mshipa, akarudi nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Sasa hajambo kabisa. Asubuhi anafanya matembezi, dawa anakunywa kwa wakati, hata rangi imemrudia. Kwa afya yake sina la kusema ila shukrani. Kinachonisumbua ni kwamba aliyerudi kutoka hospitali ni mtu mwingine, na huyo mtu mwingine anapendwa na kila anayemwona isipokuwa mimi.

Zamani alikuwa mtu wa haraka. Ukimsimulia jambo anatazama saa. Siku hizi anakaa kibarazani nusu saa nzima akiangalia sisimizi wanavyovuka sakafu. Anasimama katikati ya njia kutazama wingu, watu wanampita kushoto na kulia. Amejifunza kutofautisha ndege kwa milio yao. Na kila jambo analifunga kwa maneno yale yale: "Maisha ni mafupi, mke wangu." Tena amesoma habari za Mrumi mmoja wa kale, Seneca, aliyesema kwamba maisha hayakuwa mafupi tangu mwanzo, ni sisi tunaoyapoteza. Basi huyo Seneca sasa anakaa nasi mezani kama mgeni asiyeaga.

Nikupe kisa kimoja tu. Mwezi uliopita aliniamsha usiku wa manane. Alinitikisa bega. Niliruka nikiwa nimeshamshika kifua hata kabla macho hayajafunguka. Kumbe anataka nisikilize mvua! "Sikiliza," ananiambia, "sikiliza matone ya kwanza yanavyoanguka mojamoja kabla hayajaungana." Akanishika mkono. Sikatai, ilikuwa inapendeza. Lakini mimi, Shangazi, nilichosikia ni sare za watoto ziko kwenye kamba, pamoja na mashuka ya mama mkwe niliyokuwa nimeyafua mara ya pili siku ile. Nikainuka. "Acha zilowe," akasema, "ni nguo tu. Maisha ni mafupi." Nikatoka, nikaanua peke yangu gizani, vibanio nimevibana kwa meno. Niliporudi nikiwa chepechepe, yeye alikuwa ameshalala, anatabasamu usingizini. Nilisimama pale nikamtazama, nikamchukia. Mtu ambaye juzijuzi nilikuwa napiga magoti ili Mungu asimchukue.

Halafu kuna daftari. Aliniletea daftari langu na la kwake, ili kila usiku tuandike mambo matatu mazuri ya siku ile. Yeye anajaza ukurasa mzima na kuendelea nyuma. Mimi usiku wa kwanza niliandika mawili, la tatu likanishinda. Siku hizi naandika "nimelala" mara tatu, hata kabla sijalala. Aliposoma alisikitika kweli, hakuwa na hasira. Akasema nimepoteza uwezo wa kufurahi, kwamba nimepewa uhai na sijui kuutumia.

Naamka kabla ya wote. Nina watoto wawili wa shule, nina mama mkwe asiyeweza kuinuka bila kushikwa, na mchana nina kazi yangu ya nusu siku. Mume wangu alipougua nilichukua kila alichokuwa akifanya: bili, foleni, kuwafuata watoto, hata kubadilisha taa iliyoungua. Tuliambiwa asinyanyue kitu. Hakuna aliyetuambia zuio hilo linaisha lini, nami sikuuliza. Sikulalamika kwa lolote. Sasa ninalalamikiwa kwamba sina furaha.

Na nikiri, kosa langu pia lipo. Hata ule upenyo ninaoupata naupoteza. Asubuhi watoto wakishaenda shule, yeye yuko kwenye matembezi, mama mkwe amerudi kulala, huwa nasimama sebuleni na ufagio mkononi, sifanyi chochote. Naangalia tu mwanga unavyoingia dirishani na kulala sakafuni, vumbi likielea ndani yake. Hata robo saa inapita hivyo. Kisha nashtuka, najiona mvivu, nafagia mbiombio kabla hajarudi.

Kila mtu ananiambia nina bahati. Dada yangu mwenyewe amenikumbusha kwamba wenzangu waume zao walikufa. Najua, na ndiyo maana naona haya kuandika barua hii.

Je, kuna kitu kimeharibika ndani yangu? Nifanyeje nami nifurahie vitu vidogo kama yeye? Na nimwonyeshe barua hii, au itamrudisha hospitali?

Ni mimi,
Mke wa Aliyezaliwa Upya

*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka kweli, pale kwa Seneca. Lakini kila ninapoirudia barua yako nakwama mahali pamoja, na si kwenye nguo. Ni pale uliposhtushwa usiku na mkono wako ukawa kifuani mwake kabla macho hayajafunguka. Umeitaja mara moja ukaikimbia, ukaenda zako kwenye vibanio. Mimi nitakaa hapo kidogo.

Mume wako alipougua, yeye alianguka, akabebwa, akapewa dawa, akalala, akaamka yuko hai. Kwake kisa kina mwanzo na kina mwisho, tena mwisho wa kupendeza. Wewe ulikuwa macho muda wote. Ulipokea simu, ulikaa kwenye benchi, ulisoma nyuso za wauguzi kila mlango ulipofunguliwa. Hakuna aliyekuja kukwambia kwamba sasa limekwisha, unaweza kushusha mabega. Ndiyo sababu akikugusa bega usiku, yeye yuko kwenye mvua na wewe uko kwenye kifo chake.

Wala hauko peke yako. Huko Denmark watafiti walipitia kumbukumbu za taifa zima, wakawaangalia wake na waume wa watu waliopatwa na mshtuko wa moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wenzi hao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi, hata pale ambapo mgonjwa mwenyewe alipona. Maelezo yao yalikuwa kwamba ni ule ughafla. Ugonjwa wa muda mrefu humpa mwenzi nafasi ya kujiandaa, moyo hauagi. Sasa mgonjwa anapelekwa kliniki, anaulizwa analalaje, anapimwa hiki na kile. Aliyemsindikiza anaulizwa kama amekuja na kadi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu: hakuna kilichoharibika. Una hofu ambayo haijapewa nafasi ya kusemwa, na una uchovu wa mwaka mzima. Kama usiku mwingi usingizi unakatika, kama moyo unakwenda mbio bila sababu au machozi yanakutoka ukiwa unaosha vyombo, na hali hiyo imechukua wiki kadhaa, nenda kwa daktari. Wako wewe, si wa kwake. Usimtaje mume wako katika dakika tano za kwanza.

Nimtendee haki na yeye. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, amelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mtu akiona mbele yake kuna muda tele, hukimbilia mapya: vyeo, maarifa, watu wa kujuana nao. Akiona muda umebaki mchache, hupunguza mambo, akabaki na watu awapendao na yale yanayomgusa moyo. Na kinachoamua si idadi ya miaka aliyoishi, ni hesabu aliyonayo kichwani ya muda uliobaki. Vijana waliokuwa na maradhi ya kutishia maisha walionekana kuchagua kama wanavyochagua wazee. Basi mume wako hajarukwa na akili, wala hajifanyi. Amebadilishiwa hesabu ghafla, na anaishi kwa hesabu hiyo mpya. Tena kumbuka kwamba usiku ule alikuwa na mvua nzima yake peke yake, akaona haimtoshi mpaka na wewe uwepo. Hilo mwandikie upande wa faida.

Lakini hawa wanaohubiri furaha ndogondogo wana jambo wasilopenda kulisema, nami nalisema. Furaha ndogo haina bei dukani, ila inalipiwa kwa muda. Sisimizi hawatazamiki na mtu anayeitwa kutoka vyumba viwili kwa mpigo. Ile nusu saa ya kibarazani haikudondoka kutoka mbinguni, ilitoka mfukoni mwako. Yeye anaionja, wewe unailipia, halafu jioni unaulizwa kwa nini huna hamu.

Kwa kuwa Seneca ameshakuwa mwenyeji kwenu, muulize mume wako kama amewahi kujiuliza nani alikuwa akimfulia. Mzee yule alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma, nyumba yake ina watumwa. Na maneno hayo kuhusu ufupi wa maisha alimwandikia Paulinus, aliyekuwa na dhamana ya nafaka ya kulisha mji mzima wa Roma, akimsihi aiache kazi hiyo apate muda wa kutafakari. Ushauri mzuri sana kwa Paulinus. Ila nafaka ilibidi bado ipokelewe, ipimwe, igawiwe, na mtu aliyebaki kuifanya kazi hiyo hakuandikiwa neno.

Hata hilo la "acha zilowe", sina ugomvi nalo lenyewe. Zipo siku za kuacha zilowe. Angekuwa yeye ndiye atakayezikamua asubuhi, atakayeeleza shuleni kwa nini mtoto amekuja bila sare na atakayemtafutia mama yake shuka kavu, ningempigia makofi. Kazi yako mwenyewe una ruhusa ya kuipuuza. Ukipuuza ya mwenzako na kuiita hekima, hapo unamkosea.

Daftari nalo. Zoezi lenyewe si la kubuni. Martin Seligman, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walilijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2005: watu waliandika kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu zake, kwa wiki moja, na hata miezi 6 baadaye kwa wastani walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona. Wiki moja, mwanangu. Na ni watu waliojitokeza wenyewe. Kwenu zoezi hili limegeuka kazi ya nyumbani isiyo na likizo, na msahihishaji mnalala naye kitanda kimoja. Mrudishie daftari lake bila kununa, mwambie yeye aendelee, linamfaa. Kuhusu "nimelala" uliyoandika mara tatu, mimi naiona ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote zilizoandikwa katika madaftari hayo mawili. Aliisoma kama huzuni. Angeisoma kama ombi.

Sasa tuje kwenye lile unaloliita kosa lako.

Umeniandikia kuhusu ufagio na robo saa ya sebuleni, ukaiweka chini ya uvivu. Isome tena kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Mwanga umeingia dirishani, umelala sakafuni, vumbi linaelea ndani yake. Mtu aliyepoteza uwezo wa kufurahi haoni vumbi likielea, anaona vumbi la kufagia. Wewe umeliona, umesimama, umelitazama robo saa, umelikumbuka mpaka ukaja kuniandikia bafuni. Unauliza ufanyeje ufurahie vitu vidogo kama mume wako, na kumbe unavifurahia kila asubuhi, ila si kama yeye. Yake ni furaha ya kusemwa: lazima amshike mtu mkono amwonyeshe. Yako ni ya kimya, inakuja watu wakishaondoka. Mmeoana miaka yote hiyo, hili la tabia zenu kutofautiana halipaswi kuwashangaza.

Ninalokuomba ni mambo mawili madogo. Weka ufagio chini, ukae. Kusimama nao mkononi ni kujitengenezea ushahidi kwamba ulikuwa unafanya kazi. Na akirudi akakukuta umekaa, endelea kukaa. Usiruke. Akiuliza unafanya nini, mwambie sifanyi kitu. Wala huna haja ya kumweleza habari za mwanga, maana ataununulia daftari.

Usiipangie pia muda wala kuipima kama imetosha. Sanford DeVoe na Julian House, walipokuwa watafiti huko Canada, waliwahi kuwafanya watu wafikirie saa moja ya kazi yao ina thamani ya fedha kiasi gani, kisha wakawasikilizisha wimbo mfupi. Waliokuwa wamepiga hesabu hiyo waliufurahia kidogo kuliko wenzao, kwa sababu subira iliwaishia. Matokeo hayo nayo yalitoka mwaka 2012. Mimi sikuhitaji utafiti kulijua hilo, nimewahi kuwa na watoto wadogo, lakini huwa nafurahi wasomi wanapotufikia. Wewe asubuhi huhesabu, ndiyo maana ile robo saa inakuingia. Ukianza kujiambia "maisha ni mafupi, lazima nifurahi mpaka saa tatu," umeiua.

Sasa kazi za nyumbani, kwa sababu bila hizo haya yote ni maneno.

Anzeni kwa daktari. Lile la kutonyanyua kitu kwa kawaida ni la kipindi cha mwanzo. Wengi waliopona hurudishwa taratibu kwenye shughuli za nyumbani, na mtu anayetembea kila asubuhi huenda anaruhusiwa mengi kuliko mnavyodhani. Lakini kiasi gani, hilo si langu kuamua, si lako, na si lake pia. Miadi ijayo ingieni wote wawili. Usibaki nje. Uliza kwa majina: kuanika nguo, kudeki, kubeba beseni lenye maji, kumwinua mama yake kitandani. Kila moja lipate jibu lake, maana beseni tupu na kumwinua mtu mzima si uzito mmoja. Andika majibu hapohapo, mbele yake.

Kisha mgawane, na neno "nisaidie" ulifungie kabatini. Msaidizi hungoja kutumwa, na kazi ya kutuma inabaki kwako, pamoja na kazi ya kukagua, pamoja na kazi ya kushukuru. Mpe kazi nzima. Nguo za watoto, kwa mfano: kuanzia kapuni, kufua, kuanika, kuanua, kupiga pasi, mpaka zimeingia kabatini. Na humo ndani imo kazi ya kutazama hali ya hewa. Si anapenda mawingu? Basi awe ndiye mwenye mawingu na mwenye kamba. Utashangaa jinsi mtu anavyosikia mvua kwa sikio jingine kabisa akiwa na sare tano nje.

Atakosea. Sare zitakunjamana, soksi zitapotezana, shati jeupe litatoka na rangi ya jirani yake. Usirudie. Hapa ndipo wanawake wengi wa kizazi changu tulipoharibu: tunatoa kazi kwa mkono wa kulia, tunaipokonya kwa wa kushoto, halafu tunakwenda kulalamika kwa dada zetu. Mtoto akienda shule na shati lililokunjamana hatakufa, na baba yake ataulizwa yeye.

Jingine ni mama yake. Umemtaja mara tatu, na mara zote ni mashuka, kuinuliwa na kulala. Katika nyumba yenu, kwa hesabu ya kawaida, mwenye muda mfupi kuliko wote ni huyo bibi, na katika barua yako sijaona mahali alipoalikwa kusikiliza mvua. Mume wako ana nusu saa ya kibarazani kila siku na ana mapenzi ya kumwonyesha mtu ndege. Mtu huyo yupo, yuko chumba cha pili, na amemzaa. Asubuhi amtoe nje, akae naye, ampe dawa zake, amsikilize hadithi anazozirudia. Kama kumwinua hakuruhusiwi, mwinueni wawili kisha wewe uondoke. Hapo furaha yake inapata mwenzi, bibi anapata hewa, na wewe unapata saa moja ambayo hakuna anayekuita. Ukitaka kulala, lala.

Lakini mazungumzo yenu usiyaanzie kwenye kazi. Ukianza na nguo, atasikia lawama, atamwita Seneca aje kumtetea, mtalala mmegeuziana migongo. Anza na kifua. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Usiku ule uliponitikisa, nilidhani unakufa." Kisha nyamaza. Naweka dau kwamba hajui. Yeye anaukumbuka kama usiku wa mvua nzuri uliyokataa kuisikiliza. Mkishalizungumza hilo, wekeaneni sharti dogo la usiku: kabla ya kukugusa, aseme kwanza jina lako na kwamba yu mzima. Aseme "mimi sijambo," halafu ndipo aseme la mvua. Litachekesha mwanzoni. Baada ya muda mwili wako utaanza kuliamini, na huenda siku moja ukabaki kitandani mpaka matone yaungane. Usipobaki pia si dhambi.

Kuhusu kumchukia, usijitese. Kumchukia mume kwa dakika tano ukiwa umelowa na vibanio mdomoni si talaka, na wala hakufuti zile sala za hospitali. Dada yako anadhani ukishukuru huwezi kukasirika. Mwache na imani yake.

Umeuliza kama umwonyeshe barua. Mwonyeshe. Si kitandani, na si siku mliyogombana. Tafuta mchana ambao ametulia, mpe aisome yote, ya kwako na ya kwangu, halafu toka nje umwache nayo. Mtu anayeweza kutembea kila asubuhi anaweza kusoma kurasa chache za mkewe. Akikasirika, itakuwa kwangu zaidi kuliko kwako, na hilo nimelizoea. Na akitaka kumtetea Seneca, aniandikie mwenyewe. Nitamjibu.

Shangazi